Madai ya Zulia, Mapazia na Godoro la Sufi

Sokomuhogo, Mji Mkongwe,
9 Januari 1994.

Kwa Baba Mkwe, Mzee Thuwaini, Mkokotoni.

Shikamoo, mzee wangu. Baada ya kukutakia afya wewe na Mama, naleta malalamiko yangu kwa adabu zote ninazosemwa kuwa sina.

Mwanao Nada amerudi kwenu na vyombo vyake vyote. Sheria naijua: vimenunuliwa kwa mahari yake, ni vyake, hata ungo. Silalamikii haki, nalalamikia sauti. Redio yako wewe, mzee wangu, ni ya kusikilizia matangazo ya vifo, na kwa kazi hiyo inatosha. Mimi nina amplifaya na spika mbili za Dubai zinazonifika kiunoni, na sahani za santuri zisizo na mkwaruzo. Chumba cha mtu kama mimi hakihamishwi ovyo.

Hasara zangu ni hizi:

1. Zulia. Tangu likunjwe, fidla ya taarabu inagonga sakafu, inapanda ukutani, kisha inanirudia mimi.

2. Mapazia. Kichochoro chetu ni chembamba, na Bi Nassra wa nyumba ya mbele huniona nimekaa peke yangu katikati ya chumba kitupu, nimefumba macho. Ameshanitafutia sheikh wa kunisomea.

3. Godoro la sufi. Usiku tulililalia, mchana nikiliegemeza ukutani nyuma ya spika, likameza besi ya ziada. Nada aliuita huo wazimu. Sisi wenye fani tunauita ufundi. Badala yake nimejaribu magunia matupu ya karafuu, nikapiga chafya sahani nzima.

4. Nada mwenyewe. Usishtuke. Alikuwa akikaa kushoto, karibu na mlango, akishona kofia, na hapo ndipo sauti ilipolingana. Sasa spika ya kushoto inaifunika ya kulia. Nimeweka mto, nimeweka mtungi. Nimemkalisha binamu yangu Borafya, mtu wa kilo za kutosha, naye akalala akakoroma.

Nasikia Nada anasema ameondoka kwa sababu nilimtaka avue bangili kila sahani inapoanza, na kwa sababu nilimwambia shangazi yake, Bi Kulthum, asicheke mpaka upande wa kwanza umalizike. Ni kweli. Lakini niliomba kwa upole, na Bi Kulthum alichagua kucheka pale pale fidla inaponong'ona. Nani hapo aliyekosewa?

Kwa hiyo naomba zulia, mapazia na godoro virejeshwe kabla ya Ramadhani. Na kwa kuwa godoro likipakiwa garini bila uzito juu yake hupeperuka, Nada naye apande gari hilo hilo. Nasema hivi kwa usalama wa godoro.

Nisalimie Mama, shemeji yangu Wakil na wanawe, na Bi Kulthum akiwa ametulia.

Ni mimi mkweo, mwenye masikio,
Ammar.

Nyongeza: Amplifaya na spika nimempa Bakar wa Michenzani tangu juzi. Kila nilipoweka sahani, nilijikuta nasikiliza mlango. Zulia na vyenzake vibaki huko kama ni taabu kuvibeba. Aje Nada, mzee wangu, nimemkumbuka mno. Kama hataki, niruhusu nije mimi nikae barazani kwenu mpaka akubali kutoka tuzungumze.