Jawabu la Posa Lililokwama Kwenye Kompyuta

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mbele ya baba wa msichana!

Mnajua mimi ni mmoja wa wanaojitolea kutunza programu za Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure. Safari hii, kwa mara ya kwanza, nimekabidhiwa kusimamia kubadilishwa kwa maktaba moja. (Si ya vitabu. Ni kipande cha programu ambacho programu nyingine kibao hukitegemea.) Kanuni ni moja: zote zinazoitegemea ziundwe upya kwanza, ndipo maktaba ya zamani iondolewe.

Asubuhi programu zilikuwa tayari zote isipokuwa moja, ya kuandikia barua, ya kizamani mno. Imegoma. Ningesubiri, lakini roho haikutulia. Wazee wangu, wakiongozwa na Ami Bakari, walikuwa njiani kwenda Msambweni kuchukua jawabu la posa yangu kwa Mwalimu Juma, babake Mwanasha. Nampenda yule msichana mwaka wa tatu huu! Nikawaandikia wenzangu: "Hii haitumiwi na mtu. Tuiruke." Nikaiondoa maktaba ya zamani, nikajimiminia chai.

Saa nne simu ikalia. Ami Bakari.

"Hamisi, njoo huku."

"Ami, mposaji haendi kwenye jawabu!"

"Nalijua hilo. Lakini barua ya jawabu imekataa kufunguka kwenye kompyuta, na Mwalimu asema fundi wake ni wewe."

Mwalimu amestaafu, lakini hakuna barua inayotoka kwake bila kupigwa chapa. Kompyuta yake niliitengeneza mimi, nikaipanga ipokee mabadiliko yetu kabla ya watu wengine. (Nilikuwa nikijionyesha. Nihurumieni.) Na barua zake anaziandika kwa programu gani? Ile ile!

Nikadandia bodaboda kutoka Ukunda na kikoi changu cha kushindia nyumbani. Sebuleni wazee wamejipanga, kanzu na makoti. Nyuma ya pazia kina mama wananong'ona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni nani aliyeondoa kitu humu?"

Nilitaka kusingizia virusi. Lakini kwenye kioo cha kompyuta, palipoorodheshwa mabadiliko ya leo, limeandikwa jina langu kamili. Hadi la babu!

"Ni mimi, Mwalimu. Nilidhani programu hii haitumiwi na mtu."

"Kwani mimi si mtu?"

Nyuma ya pazia kicheko kikapasuka. Cha Mwanasha nakijua, na ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

Nikairudisha maktaba ya zamani. Barua ikafunguka pale pale mbele yangu. Wallahi nilijaribu kutazama pembeni, macho yakanikatalia. "Posa yenu tumeipokea na tumeikubali." Nikataka kuruka! Chini yake: "Kijana wenu tumemwona ni mtulivu, hafanyi jambo kwa pupa."

Mwalimu akavaa miwani. Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena. Kisha, kwa kidole kimoja, akaanza kuifuta sentensi ya pili, herufi moja moja, mpaka ikaisha yote. Ami Bakari anatazama dari.

"Haya," akasema Mwalimu, "sasa ichapishe."

Naoa, alhamdulillahi. Ila atakayenicheka hapa, kadi ya harusi ataiona kwa jirani.