Baba Mkwe Hataki Kushuka

Jumatatu, 9 Septemba
Mtambo ni wangu. Kampuni ya mgodi ilikufa zamani, mfilisi kaniuzia mabaki, muhuri upo. Jitu la kuchimbia makaa, refu kuliko nyumba yoyote hapa mjini, linaliwa na kutu shimoni tangu mgodi ufungwe. Chuma tupu. Zhenis, mwenye yadi ya skrepa inayotazamana na yangu, alikuwa akilimezea mate. Nimempita nikipiga mluzi. Kesho tunakata.

Jumanne, 10 Septemba
Hatukukata. Tumefika na mitungi ya gesi, tukamkuta baba mkwe juu, kwenye chumba cha dereva. Mzee Orazbek aliendesha mtambo huu tangu ujana wake. Amekaa kwenye kiti chake cha zamani na chupa ya chai. Nikamwomba ashuke, tuna kazi. Akajibu kwa upole kwamba hata yeye yuko kazini.

Zhenis alikuwa ukingoni mwa shimo, anatafuna mbegu za alizeti. Kutwa nzima.

Jumatano, 11 Septemba
Mpango wa chakula. Mzee hajawahi kukataa beshbarmak. Nimepika mwenyewe pale chini, nyama ya farasi na tambi pana, upepo ukipeleka harufu juu. Mzee akateremsha kikapu kwa kamba. Nikakijaza, nikidhani ataonja kisha afuate sufuria. Alikula akashiba, akaniombea dua ndefu, akajifunika koti la manyoya na kulala hukohuko.

Alhamisi, 12 Septemba
Mpango wa serikali. Binamu yangu Daulet ana koti lenye vifungo vya shaba. Nimemtuma akajifanye mkaguzi wa usalama. Alipanda kwa ukali, akakaa huko muda mrefu, akashuka macho yamelowa. Kumbe mzee alimtambua kabla hajamaliza ngazi, na akamzungumzia marehemu baba yake, waliyefanya naye zamu moja. "Kanionyesha mahali baba alipokuwa anakaa," Daulet akasema. Koti kavua. Kazi yangu haitaki tena.

Ijumaa, 13 Septemba
Mpango wa kutisha. Nikawasha gesi, nikaanza kukata mkiani, mbali kabisa na mzee, asikie mtetemo tu apate hofu. Kipande kikaanguka, mtambo mzima ukatikisika. Nikatazama juu. Mzee hakuogopa. Alikuwa ameinuka kitini, mikono yote miwili kwenye vishikio, uso umechangamka kama mtu aliyesikia hodi ya mgeni aliyemngojea sana. Mtetemo ukaisha. Akabaki vilevile, mikono palepale, akisikiliza.

Nilizima gesi. Gesi si ya kuchezea. Ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Jumamosi, 14 Septemba
Mke wangu Kulyash kachoka nami. Kaniuliza kama tangu sokomoko hili lianze nimewahi kumuuliza baba yake anataka nini. Nikasema mtu anayekataa kushuka anataka kutoshuka. Akanitazama, akafunga kitambaa, akapanda mwenyewe.

Aliposhuka alinisimulia jambo ambalo miaka yote ya ndoa sikulijua. Alipokuwa mdogo, mama yake alimleta mara kwa mara ukingoni mwa shimo, na baba akiwaona huinua hewani ile ndoo kubwa ya mtambo kuwasalimu. Siku mgodi ulipofungwa, umeme ulikatwa zamu ikiendelea. Mama alikuwa amesimama ukingoni. Ndoo haikuinuka. Akarudi nyumbani bila salamu, na sasa ni marehemu.

"Baba anataka kuiinua mara moja tu," Kulyash akasema. "Basi."

Nikamwambia mtambo hauna umeme wala waya. Akasema Zhenis ana kreni.

Jumapili, 15 Septemba
Nimekwenda kwa Zhenis. Nilivyosimama mlangoni pake sitaki kuandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja, ila ndoo iwe yake.

"Ndoo ndiyo mnofu," nikamwambia.

"Na mifupa yote umebaki nayo wewe, Baba Dana. Kunywa chai."

Alasiri wakaifunga ndoo kwa minyororo ya kreni, Zhenis akiwa kwenye usukani. Kulyash akasimama ukingoni, pale pa mama yake. Juu, mzee akavuta kishikio. Zhenis hakuondoa macho kwenye mkono wa mzee. Ulivyokwenda, naye akainua, taratibu, mpaka ndoo ikaning'inia angani na kutu ikimwagika kama mchanga. Kulyash akapunga. Wafanyakazi wangu walivua kofia, sijui nani aliwaambia. Mimi vumbi liliniingia machoni.

Mzee akashuka mwenyewe, akanipa mkono. "Haya mwanangu, kata. Nimeshamuaga."

Jumatatu, 16 Septemba
Tumekata toka asubuhi. Zhenis kapita na ndoo yangu juu ya lori, kanipigia honi.

Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: nilinunua chuma chenye mtu ndani. Nyuma ya shule kuna mnara wa maji, mkavu, chuma kizuri, na ndani hamna mtu kabisa. Aliujenga marehemu mume wa Bi Raushan, ambaye nyumba yake iko pembeni tu na kila asubuhi hufagia chini yake. Mama mpole sana. Sioni sababu ya kumsumbua kwa maswali.