Sanduku la Maoni la Mwalimu Josefina

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Josefina, ametundika sanduku la maoni kwenye baraza ya ofisi. Amesema mtoto mwenye amani moyoni ndiye anayejifunza, kwa hiyo kila mwanafunzi aandike linalomsumbua au linalomfurahisha. Ijumaa litafunguliwa mstarini. Mwalimu atakayesifiwa zaidi atakuwa mwalimu wa unasihi, wa kuwasikiliza na kuwashauri watoto, na atapewa chumba chake chenye feni. Feni! Kwa joto hili la Mpanda!

Walimu wote wakamtazama Mwalimu Agatha wa darasa la pili. Watoto hugombania kumbebea mkoba. Mimi nimefundisha hisabati miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kugusa mkoba wangu. Nimeanza kutabasamu. Darasa la tano wameniuliza kama jino linauma.

Jumanne, 4 Februari

Nimeandika vikaratasi arobaini vya kunisifu. Mkono wa kushoto, kalamu tatu tofauti, makosa ya kutosha. "Mwalimu Damiano anaturetea fulaha." Hicho nimekipenda mno.

Jumatano, 5 Februari

Sanduku limejaa! Halipokei hata kimoja. Mwalimu mkuu alipotoka kukagua vyoo, nikachukua ufunguo wa sanduku kwenye msumari wa ofisini, nikatoa vya watoto, nikatia vyangu. Dakika mbili tu. Jasho la saa nzima.

Nyumbani nimevisoma. Agatha, Agatha, mlango wa choo hauna komeo, Agatha. Kisha kimoja chenye jina: Hana, wa darasa langu. Anasema haoni ubaoni. Akinakili vibaya namwita mvivu. Anaomba nisikasirike.

Nilikasirika. Halafu ugali ukanishinda. Ni mimi niliyempeleka dawati la nyuma, wiki mbili zilizopita, kwa huo uvivu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemhamishia Hana mbele. Darasa nimeliambia ni kwa ajili ya hewa. Nikaandika tarakimu kubwakubwa. Amepata nane kwa kumi. Wiki iliyopita mbili. Alipoleta daftari alinitazama. Nikajifanya natafuta chaki.

Nilitaka kurudisha vikaratasi vya watoto. Wapi! Ufunguo leo anatembea nao mwalimu mkuu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Februari

Aibu. Mwalimu mkuu alisoma vitano, cha sita akakigeuza. Nyuma kulikuwa na andalio langu la somo, na sahihi yangu. Akageuza vyote. Desimali, sehemu, desimali.

Akauliza, taratibu, ni watoto gani waliandika. Mikono ikainuka shule nzima. Hana akasimama. "Mimi niliandika kwamba sioni ubaoni. Na Mwalimu Damiano amenijibu. Kanihamishia mbele."

Alidhani ananisifu.

Ofisini nilivitoa mfukoni vyote vya watoto. Mwalimu mkuu alisoma cha Hana mara mbili, hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. Akasema chumba ni cha Agatha, komeo la choo nitalifunga mimi kwa mikono yangu, na Jumanne nitampeleka Hana na mama yake kupima macho.

Jumanne, 11 Februari

Nimewapeleka. Hana amepata miwani. Njia nzima ya kurudi mtaani kwetu Shanwe alisoma mabango kwa sauti: saluni, mbolea, fundi viatu, mbolea tena. Mama yake alinishika mikono yote miwili. Akasema mtoto alikuwa analia kila asubuhi, hataki shule, na leo ndiye aliyemwamsha yeye.

Nikaapa palepale: hila basi.

Shuleni nikakuta tangazo. Mwezi ujao wazazi watamchagua mwalimu bora wa malezi. Agatha tayari amegundua mtoto mwenye sikio bovu. Amewahi!

Sawa. Mimi nina watoto hamsini na wawili. Kila mmoja lazima ana kitu. Kesho naanza na Elia. Anacheka, anakula, anakimbia, hajawahi kuugua hata mafua. Inanitia mashaka sana.