Babu wa Masofa Yote

Jumanne, 8 Julai

Mzee Abdulhakim kahamia kwa bintiye, Michenzani. Magoti. Mungu amjaalie afya. Pembe yake barazani i wazi!

Pembe ile si mchezo. Ina kivuli asubuhi na jioni, na upepo wa kusi huingilia hapo. Kahawa huanzia hapo, na anayeikalia ndiye huulizwa watu wakibishana. Mimi hukaa mwisho kabisa, kwenye mchirizi. Kila vespa ikipita, nnaoga.

Bi Ummukulthum, mwenye nyumba na kwa hivyo mwenye baraza, kasema ataamua Ijumaa baada ya sala. Tumebaki wawili: mimi na Hisham, fundi cherehani. Hisham keshaweka kofia yake pale. Anasema anaianika. Kivulini!

Jumatano, 9 Julai

Nimepata silaha, tena kwenye simu. Neno la Kiingereza "sofa", hili kochi la sebuleni, asili yake Kiarabu: suffa. Maana yake kikalio kilichoinuliwa, kikatandikwa zulia. Yaani baraza! Tunalikalia miaka yote na hatuna habari.

Nikalitangaza baina ya kikombe cha kwanza na cha pili. Kisha Hisham akasema yeye anawajua As'habu Suffa wa Madina, waja wema waliosubiri kwa njaa. Akauliza mimi wa suffa gani, mbona jana kwenye hitima nilihama sinia mara mbili? Wakacheka mpaka Kheir, muuza kahawa, akamwaga.

Lakini dirisha la juu likafunguka. Bi Ummukulthum akaniamuru nirudie. Naam, Bi! Nikarudia, nikaeleza jinsi neno lilivyopita kwa Waturuki na Wataliana mpaka likafika Uingereza. Hayo niliyasoma. Nikaongeza kwamba njiani lilipumzika Unguja. Hayo sikuyasoma. Akasema kumbe wazungu hawa wanapita kwenye asili ya makochi yao bila hata salamu, na ni aibu kutowaambia.

Hisham akavaa kofia yake.

Alhamisi, 10 Julai

Kibao cha kuwaambia wazungu kimekamilika. Ubao wa sanduku, rangi ya buluu iliyobaki kwenye mlango wangu. Nimeandika kwa Kiingereza kwamba babu wa masofa yote duniani amekaa hapa. Chini yake: karibu ukae. Kibao bila karibu si adabu.

Nimeleta mkeka na mito ya nyumbani. Mke wangu, Arwa, aliuliza mito inakwenda wapi. Nikamwambia inakwenda kwenye elimu. Akasema basi irudi na cheti.

Watalii walisimama! Bibi mmoja wa Kizungu alikaa, akapigapiga jiwe la baraza kama anayenunua ng'ombe, akasema kochi lake la nyumbani ni la kijani. Bi Ummukulthum alikuwa dirishani, anatabasamu. Pembe hiyoo!

Ijumaa, 11 Julai

Nimeshinda. Baada ya sala Bi Ummukulthum alitamka mbele ya wote: pembe ni ya Majid, kwa elimu yake. Hisham akanipa mkono, mlaini kama mkate wa kumimina. Nikakaa. Upepo! Kheir akaanzia kwangu.

Kikombe hakijafika mdomoni, wakaja wageni wawili, wamesoma kibao. Nikawakaribisha vizuri, nimekaa. Sauti ikashuka kutoka juu kuniuliza mwanangu Majid, tangu lini mgeni anakaribishwa kwa mdomo tu? Mgeni hupewa pahala pazuri, na anayempisha ni aliyemwalika.

Nikainuka. Hisham hakumwalika mtu. Hakuinuka.

Nikarudi kwenye mchirizi. Mwongoza wageni wao alikuwa keshakaa.

Jumapili, 13 Julai

Sijakaa tangu Ijumaa. Wanakuja asubuhi, wanakuja adhuhuri. Jana wengine walikuja na chakula. Wakiinuka hawa, wanakuja wale. Nimewaza kujificha, lakini pembe ikiachwa tupu Hisham ataianikia kofia tena.

Nilimshauri Bi Ummukulthum tuking'oe kibao, kwa sababu ya unyevu. Akasema haiwezekani, keshawapigia ndugu zake wa Maskati, wanatazamia picha.

Hisham sasa ndiye anayewaelezea wageni. Anasema ni rahisi zaidi akiwa amekaa. Leo katia na Wareno kwenye safari ya neno. Mwongo! Mimi napanga mito. Mgeni mmoja aliniomba chai ya maziwa.

Jumanne, 15 Julai

Arwa kaenda Nungwi kwa mamaake, harudi mpaka Alhamisi. Nyumba imetulia, akili inafanya kazi. Kosa nimeliona. Kosa ni kibao kuwa kimoja! Wageni hawana pengine pa kwenda, ndiyo maana wananisonga.

Nimesoma tena. Neno la Kiingereza la godoro nalo lilitoka Kiarabu, matrah, pahala kitu kinapotupwa chini. Ubao ninao, rangi inatosha. Kesho alfajiri nnatandika godoro mbele ya kiduka cha Hisham, na kibao chake. Wageni wote watahamia huko, yeye atakwenda kuwafukuza, na mimi nitakaa kwenye pembe yangu kwa raha.

Nimechukua lile godoro letu jipya, ili wavutike. Halitachafuka. Nani atalala njiani?

Nimeandika na karibu ulale.