Mshauri wa Meli ya Maharamia

Jumamosi, 1 Julai 1972. Magomeni, Kilosa.

Siku kubwa. Kuanzia leo mimi, Wenceslaus, karani wa mizani ya pamba, ni Mshauri wa Ujenzi. Ujenzi wenyewe ni wa vitofali vya plastiki, vingine vidogo kama punje ya mahindi. Lakini ujenzi ni ujenzi.

Mambo yalikuwa hivi. Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha ufundi hapa amerudi kwao, akawaachia watoto wa chekechea kasha la vitofali vya kuchezea. Vina vinundu juu. Ukivibana vinashikana, vinakuwa nyumba au chombo au chochote. Ndani ya kasha mlikuwa pia na watu wadogo waliofungwa kitambaa jicho moja, na bendera nyeusi yenye fuvu. Mwalimu Letisia, anayefundisha chekechea, akatueleza kwamba hao ni maharamia, wezi wa baharini.

Mzee Ulimboka, mwenyekiti wetu wa tawi, akafikiri kidogo. Akasema mtu anayeishi kwa kupora jasho la wengine ni mnyonyaji, awe nchi kavu au majini. Kwa hiyo watoto wajenge maharamia, na siku ya Saba Saba wakashindane kule Mikumi na watoto wa vijiji vingine, mbele ya mgeni rasmi.

Nikasimama. Nikasema watoto hawa watahitaji ukosoaji wa kujenga, na mimi nimehudhuria semina Morogoro. Sifa kwanza, dosari pili, ushauri tatu. Mzee Ulimboka akakubali, nadhani ili nikae. Mwalimu Letisia akanitazama kwa muda mrefu. Aliguswa.

Doa moja tu. Vitalis, fundi cherehani, naye akasema atapita kuwaona watoto. Hakuna aliyemwomba. Mimi nilijiomba mwenyewe, hiyo ni tofauti.

Jumapili, 2 Julai.

Baada ya ibada Mwalimu Letisia akafungua darasa kwa maandalizi. Nikamsaidia kubeba kasha la vitofali, kisha nikaingia kukagua, mikono nyuma.

Cleopa amejenga kisiwa. Nikamsifu. Kisha dosari: kisiwa hakina choo. Maharamia ni wanyonyaji, sawa, lakini afya ni afya. Akajenga choo. Sasa choo ni kikubwa kuliko kisiwa. Maendeleo.

Fausta, binti wa Mama Costancia muuza vitumbua, ana miaka saba. Amejenga meli nyekundu, fupi, imekaa juu ya meza kama bata. Mbele amemweka nahodha mwenye upanga. Kwa kweli ilikuwa nzuri, na hapo ndipo penye hatari. Kitu kizuri humfanya mshauri azembee. Sikuzembea. Nikamweleza dosari za ubavuni, za nyuma, za rangi, na za msimamo wa nahodha kisiasa.

Akasikiliza. Akauliza kama nimewahi kuona meli. Nikamjibu kwamba niliuona mto Mkondoa ulipofurika ukapita na banda la kuku, kuku wakiwa ndani. Akauliza kama kuku wale walikuwa maharamia. Mtoto ana akili, ila anapenda kutoka nje ya mada.

Jumatatu, 3 Julai.

Vitalis alikuja. Ushauri wake ndio huu: anachuchumaa, anatazama, anasema safi sana. Kisha anauliza, huyu nahodha anakwenda wapi? Basi mtoto anamwaga hadithi nzima, na Vitalis anaitikia tu. Hakuna dosari hata moja! Halafu anatoa mfukoni tanga alilolishona kwa kipande cha kaki. Watoto wanamkimbilia mlangoni. Mimi nikifika wanakumbuka kwenda kunawa mikono.

Nikaamua kumfundisha kwa vitendo. Nikaenda kwenye kibaraza anaposhonea, wateja wakiwepo, nikamkosoa kwa njia ya Morogoro. Sifa: cherehani yako inalia vizuri. Dosari: shati hilo unaloshona mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Ushauri: mikono ilingane.

Vitalis akalinyanyua shati watu walione. Lilikuwa langu. Akawaeleza wateja, kwa adabu zote, kwamba siku ya kupimwa nilimnyang'anya futi nikajipima mwenyewe. Walicheka sana. Watu wa Magomeni hawana mazoea ya semina.

Jioni Mwalimu Letisia akanisimamisha njiani. Akasema kwa upole: "Ndugu Wenceslaus, mwambie mtoto jambo moja tu. Halafu nyamaza, umwone anafanya nini."

Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo. Yanaonyesha jinsi anavyoufikiria ushauri wangu hata akiwa njiani kwenda sokoni.

Jumanne, 4 Julai.

Nimefuata. Jambo moja: mlingoti urefuke.

Fausta akaongeza kitofali. Nikanyamaza, nikamwona anafanya nini, nikamwambia tena mlingoti urefuke. Bado ni jambo moja. Akaongeza. Nikanyamaza tena. Tulipoishiwa vitofali nikaazima vya choo cha Cleopa. Mlingoti ukapita kichwa cha Fausta. Akasema kwa sauti ndogo kwamba meli inachoka. Nikamwambia taifa changa halichoki.

Meli ikaanguka ubavu. Vipande vikaingia hadi chini ya kabati. Bendera ikatua kwenye ndoo ya uji.

Fausta hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alipiga magoti akaokota kimoja kimoja, akavipanga kwa rangi, kisha akaanza upya bila kunitazama. Nikasikia kitu kinanibana chini ya mbavu. Nadhani ni ile mihogo ya mchana.

Mzee Ulimboka akapita wakati huohuo. Akaitazama ile meli nusu, akamtazama Cleopa amekaa mbele ya kisiwa kisicho na choo. Akasema lori la kwenda Mikumi ni moja, na kama Magomeni hatuna cha kuonyesha, nafasi zetu watapewa watoto wa kijiji cha Rudewa. Alisema akinitazama mimi. Anajua nani wa kutegemewa.

Jumatano, 5 Julai.

Mpango mkubwa. Niliamua kuikamilisha meli mwenyewe.

Jioni, baada ya kutoka kwenye mizani, nilipita darasani, watoto wameshaondoka. Mlango haufungwi kwa kufuli. Nikaifunga meli ndani ya kitambaa, nikaipeleka uani kwa Bi Mwanakheri, mwenye nyumba wangu. Sikuiba. Kuiba ni kwa faida yako binafsi.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyowahi kuwaeleza watoto. Vidole vyangu ni vya kubeba marobota. Ubavu mmoja ukagoma kushika, nikausukuma, ukagoma mwingine. Kisha nikagundua kwamba kichwa cha nahodha kinachomoka. Niligundua hivyo kwa kukichomoa. Kikaruka chini, na kuku wa Bi Mwanakheri akakimeza kabla sijainama.

Nikamshika kuku. Nikamtikisa kidogo tu, kichwa chini. Bi Mwanakheri akatoka jikoni akasema kuku huyo anataga, na hachinjwi wala hatikiswi kwa ajili ya mdoli. Nikaanza kumweleza maana ya Saba Saba. Akanikosoa kwa mwiko. Hakuanza na sifa.

Ikabidi nibuni. Nikachagua kunde moja nzuri, nikaibandika kwa gundi juu ya mabega ya nahodha. Ukitazama kwa mbali, na jua likiwa machoni, huwezi kutambua. Nikairudisha meli mezani, imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza siri.

Alhamisi, 6 Julai.

Walitambua.

Nilipofika darasani watoto wote walikuwa wameizunguka meli. Mwalimu Letisia akauliza nani amefanya hivi. Nikasimama wima, nikasema ni mimi, kwa nia ya kujenga. Kisha Fausta akaomba ruhusa ya mwalimu, anipe ushauri. Akapewa. Akaja mbele yangu, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo," akasema.

Nikaitikia marahaba.

"Unabeba kasha vizuri. Dosari yako, unagusa. Kesho ubebe, usiguse."

Mwalimu Letisia akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Furaha, bila shaka. Mimi nilivimba kifua. Sifa, dosari, ushauri, kwa mpangilio sahihi, na salamu juu yake! Katika semina nzima Morogoro hakuna aliyefikia kiwango kile, hata mkufunzi mwenyewe. Na aliyemfundisha ni nani?

Njiani kurudi nyumbani, hata hivyo, nilijikuta nimesimama darajani nikitazama maji. Sikuwa na sababu yoyote ya kusimama pale. Baadaye nikaendelea na safari.

Ijumaa, 7 Julai. Mikumi.

Naandika chini ya turubai la wageni.

Tuliondoka alfajiri, sisi na watoto wa Rudewa tumebanana. Nilikaa na kasha mapajani, meli na kisiwa ndani. Dereva alikuwa anabadilisha gia vibaya, nikaanza kumshauri kupitia kidirisha cha nyuma. Njia nzima nilimshauri, kwa sauti ya kushinda injini. Tulipopita kijiji cha Ulaya vumbi lilikuwa limeshanijaa kooni. Mbele kidogo nikafungua mdomo nimweleze habari ya breki, hakikutoka kitu. Sauti imekwisha kabisa.

Karibu na Mikumi tembo wakavuka barabara. Dereva akafunga breki kwa nguvu. Watoto wakashangilia tembo. Mimi nilisikia ndani ya kasha mlio kama wa mahindi yakimwagwa kwenye debe.

Mezani kwetu nikafungua kasha. Vipande vitupu. Kisiwa hakipo, meli haipo. Watoto wa Malolo meza ya pili walikuwa na ngome nzima, na mgeni rasmi alikuwa ameshaanza kuzunguka. Mzee Ulimboka akakaa chini kwenye nyasi. Cleopa akasema yeye amechoka na kisiwa, Fausta atumie vyake.

Fausta akanitazama. Nikafungua mdomo. Hewa tu.

Basi akaanza kujenga. Nilishika kasha, nikaliinamisha ili aone rangi anazotaka. Sikugusa. Vitalis alichuchumaa pembeni. Nilitazama vidole vile vidogo. Anajaribu kitofali, anakitoa, anakigeuza, kinakaa. Hakuharakisha hata kidogo. Nilikuwa sijawahi kumtazama akijenga. Siku zote nilikuwa nazungumza.

Ikawa ileile meli nyekundu, fupi, kama bata, ila sasa ilikuwa na ngazi ubavuni, tanga la kaki kwenye mlingoti mfupi, na chumba kidogo cha mateka chenye dirisha. Nahodha mbele, kichwa cha kunde.

Alipomaliza akainua macho. Kwangu, si kwa Vitalis. Akauliza, "Unaionaje?"

Nilikuwa nayo ya kusema. Sauti sina. Nikaitikia kwa kichwa, nikaitikia tena. Machozi yalinitoka. Vumbi la Mikumi ni baya sana. Fausta akatabasamu, na hilo sikuwahi kuliona tangu nianze kumshauri.

Mgeni rasmi akafika. Akainama, akauliza kwa nini nahodha ana kichwa cha kunde.

"Alikula kunde za wakulima peke yake," Fausta akasema. "Sasa akifikiri, anafikiri kunde tu."

Mgeni rasmi alicheka mpaka akavua miwani. Akamwita mpiga picha. Akasema hajapata kuelezwa unyonyaji kwa ufupi namna ile, hata mikutanoni. Magomeni tumeshika nafasi ya kwanza. Mzee Ulimboka alimbeba Fausta mabegani kama mtu asiye na maumivu ya mgongo, na Mwalimu Letisia alilia waziwazi.

Kwenye shukrani walitajwa Fausta, Cleopa, mwalimu wao, Vitalis kwa tanga, na dereva kwa kutogonga tembo. Kisha Mzee Ulimboka akasema pia tumshukuru yule ndugu aliyebeba kasha. Watu wakapiga makofi. Yule ndugu ni mimi.

Jumamosi, 8 Julai.

Sauti imerudi. Nimeitumia kwa Bi Mwanakheri tangu alfajiri.

Nimejikosoa kwa uaminifu, kama tunavyofundishwa, nione ushindi ulitoka wapi. Mlingoti mfupi: Fausta asingejua urefu unaofaa bila kuujua usiofaa. Nani alimwonyesha? Kichwa cha kunde, kilichomchekesha mgeni rasmi: nani alikibuni? Tembo ndio hawakutoka kwangu, na sidai. Mengine yote ni ushauri.

Jioni Mwalimu Letisia na Vitalis walikuja nyumbani pamoja. Nikafikiri wameleta shukrani rasmi. Kumbe wanafunga ndoa. Kasisi ataanza kuwatangaza kanisani Jumapili ijayo. Nilikaa kidogo. Kisha nikawapongeza, kwa dhati, nikampa Vitalis mkono. Alikuwa ameniletea shati langu. Mikono inalingana.

Mwalimu Letisia akasema wangependa nikae mstari wa mbele, kwa heshima, pamoja na wazazi. Akasita. Akaniomba jambo moja tu: siku hiyo nisitoe hotuba.

Nilimwelewa mara moja. Anaogopa niizungumze bila maandalizi. Ndiyo maana nimeanza leo. Sifa nimezimaliza, zimekaa vizuri kwenye mstari mmoja. Sasa niko kwenye dosari za Vitalis, na wino ninao wa kutosha.