Ndago ya Torleif

"Halmashauri ya Rauddal ina heshima kuutangazia ulimwengu mzima, na hasa majirani zetu wa Kvitvik, kwamba tumegundua mmea mpya!"

Meya Torleif Hallset alitangaza hayo akiwa juu ya mlima, pembeni ya theluji ambayo hata kiangazi huwa haiyeyuki. Mmea wenyewe ulikuwa chini ya buti lake. Alipoonyeshwa, alihamisha mguu kwa heshima zote.

Ilikuwa ndago, yenye kikonyo cha pembe tatu na kichwa cheusi. Watu wa Kvitvik walikuwa na ua lao ambalo watalii walilifuata kutoka mbali, ilhali Rauddal ilikuwa na mvua tu, na uchaguzi ulikuwa mwezi ujao.

"Itaitwa Ndago ya Torleif," alisema. Hakuwa mtu wa kupenda makuu. Jina hilo alilipendekeza mwenyewe ili asiwasumbue wengine.

Oddrun, afisa mazingira, alikuwa amepiga magoti, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. "Mheshimiwa, bado hatujui ni ndago gani. Lazima tuhesabu ndimi za ua la kike. Zikiwa mbili ni ukoo mmoja, zikiwa tatu ni ukoo mwingine. Sasa hili lina mbili, na hili jirani yake lina tatu. Limenichanganya."

"Usihangaike, dada. Hilo ni suala la kamati."

Kamati ya Utambuzi wa Ndago iliundwa Jumapili hiyohiyo. Hakuna aliyeteuliwa kwa undugu. Ilitokea tu kwamba wenye sifa wote, yaani shemeji Asgeir, binamu wawili na mpwa, walikuwa wamekuja kwa meya kula mikate ya maziwa na jibini ya kahawia.

"Tatu," alisema Asgeir, mdomo umejaa. "Mbili watatucheka."

Ikapita bila kupingwa. Jina likachapishwa gazetini na kwenye jarida la wataalamu wa mimea, ambao walikubali kuleta maelezo kamili baada ya kuikagua ndago yenyewe.

"Waambie waandike kwa mapana," Torleif alimsihi Oddrun. "Wasibanebane."

Siku ya uzinduzi walikuja watu wengi kuliko siku ya taifa. Palikuwa na tarumbeta, kwaya na kahawa ya bure. Mama mzazi wa meya, Bibi Gudveig, alikaa mbele kabisa na vazi lake la sherehe. Oddrun alimsogelea meya na bahasha, uso umempauka.

"Mheshimiwa, ipitie kwanza, nakuomba."

"Nina imani kamili na wataalamu. Soma, tena kwa sauti."

Oddrun akakohoa, akasoma:

"Ndago ya Torleif si aina mpya. Ni chotara wa ndago mbili za kawaida. Husimama wima mahali pa juu, bila faida inayojulikana. Kichwa ni kikubwa, hung'aa. Kikipasuliwa, ndani hamna kitu. Haitoi mbegu. Huenea kwa kuchipuza ndugu zake chini kwa chini, mpaka eneo lote likawa lao na wengine wakakosa pa kuota."

Tarumbeta moja ikalia kwa bahati mbaya.

"Torleif mwanangu," Bibi Gudveig aliuliza, na kwa kuwa masikio yake ni mazito, aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi Kvitvik, "wewe wamekueleza vizuri sana. Sasa huo mmea watausema lini?"

Watu waliangua kicheko. Mwimbaji mmoja wa kwaya ilibidi akalishwe chini. Torleif alihisi masikio yakimwaka moto.

"Jina lifutwe! Sasa hivi!"

"Jina likishachapishwa halifutiki, Mheshimiwa," alisema Oddrun. "Kinachoweza kupingwa ni maelezo. Kamati ikisema si ya kweli, nitawaandikia leo hii."

Torleif akashusha pumzi. Kamati alikuwa nayo. Ikaitwa mbele, ikajipanga.

"Anayeona maelezo haya ni ya uongo, anyooshe mkono."

Upepo ukavuma. Mpwa akawa anatazama viatu vyake, binamu wanatazamana. Asgeir alizamisha mikono yote miwili mifukoni.

"Shemeji!" Torleif alinong'ona. "Asgeir, jamani!"

"Undugu ni undugu, shemeji," Asgeir alijibu kwa huzuni. "Lakini hii ni sayansi."