Springi Yapigiwa Kura

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali. Waheshimiwa wakuu wa idara, manaibu wao na makaimu wa manaibu wao. Wauguzi wapendwa, nanyi kina mama mliokuja kujifungua mkakuta sherehe. Itifaki yote ijihesabu imezingatiwa, hata ile niliyoisahau. (Makofi ya safu ya mbele.)

Kama mjuavyo, kwa miezi saba sasa mashine ya kuchemshia vifaa vya wodi ya wazazi haifungi mlango kwa sababu ya kuvunjika kwa springi moja, ndefu kama kidole changu hiki, na wauguzi wanachemsha mikasi kwenye sufuria, jambo ambalo ofisi yangu inalilaani kwa nguvu zote, hasa sufuria. Kiwanda kiko Ujerumani. Fundi wetu alishauri tuwatumie picha. Nikamwambia, "Fundi, picha haina mhuri." (Kicheko. Fundi hacheki.)

Ndipo, ili tukiandikie kiwanda barua rasmi kwa Kijerumani, nikabuni Mradi Mkakati Jumuishi wa Tafsiri, tukaanza na neno la Kiingereza lililomo kwenye kitabu cha mashine, yaani spring. Ndugu zangu, Kiingereza kina hila. Neno hilohilo ni waya uliosokotwa, ni chemchemi, ni majira ya maua kuchanua, na ni kuruka. Kijerumani nacho, kwa ubishi wake, kina Feder, Quelle, Frühling na springen, kila moja na kazi yake. Mtu wa kawaida angesoma sentensi nzima akaamua. Mimi niliitisha wokshopu. Stekiholda ishirini na watatu walikaa siku nne, wakapiga kura ya wazi, na kwa kuwa watu wa idara ya maji walijitokeza kwa wingi, chemchemi ilishinda kwa asilimia sitini na moja. Majira ya maua yalipata kura saba. Waya ulipata mbili, ya fundi na ya bwana mmoja aliyechelewa akadhani tunapigia kura chai. (Makofi ya idara ya maji.)

(Mkunga, amesimama nyuma: "Mheshimiwa, chemchemi itafungaje mlango?")

Swali zuri, mama, ila halikuwemo kwenye ajenda. Wengi wape.

(Mkunga: "Juzi mzazi mmoja wodini kwangu kapata homa ya kidonda, kidogo tumpoteze. Mie nataka springi tu.")

Dada yangu, inaniuma kuliko unavyodhani. Mke wangu mwenyewe anatarajia mwezi ujao, na kwa uzalendo wangu nimempeleka hospitali nyingine, ili asiwabane nafasi. (Miguno.)

Neno moja! (Watu, kivivu: "Maana moja.") Mradi juu! (Safu ya mbele: "Juu zaidi.")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru stekiholda kwa kukesha na kamusi, ingawa kamusi tuliipata siku ya tano. Namshukuru kwa namna ya pekee mfasiri wetu wa Kijerumani, ambaye nafasi yake itatangazwa pindi kitengo chake kitakapoundwa. Nakishukuru na kile kiwanda kwa subira yake, maana hakijui kama tuna shida. Barua yenyewe hatujaiandika.

Kina mama, jifungueni kwa amani.